Port Louis: Mji Ambao Kila Mtu Alikuja na Jahazi

Nikikutajia mji mkuu ulio kisiwani, najua akili yako itakimbilia Unguja, au Moroni kwa ndugu zetu Wangazija. Basi leo hebu nifuate mbali kidogo, mashariki ya Madagaska, tufike Port Louis, mji mkuu wa Morisi.

Kwanza ujue kwamba kisiwa hiki hakikuwa na wenyewe. Mabaharia wa Kiarabu walikijua, na ramani moja ya Kireno ya mwaka 1502 inakionyesha kwa jina Dina Arobi, lakini hakuna aliyekaa. Waholanzi walifika 1598, wakakiita kwa jina la mwanamfalme wao Maurits, na kabla hawajaondoka mwaka 1710 yule ndege dodo, ambaye hakuweza kuruka, alikuwa ameshamalizika. Wafaransa wakakichukua 1715. Mji wenyewe ulisimamishwa na gavana La Bourdonnais kuanzia 1735, kwa sababu ya bandari: milima iko nyuma yake na imeikinga na upepo wa kusi. Kwa hivyo pale hakuna wa kumwambia mwenzake "rudi kwenu". Wote walikuja na chombo, ila si wote waliokuja kwa hiari yao.

Na hapa, msomaji, ndipo hadithi inapotugusa sisi. Mji ule ulijengwa na watumwa, wengi wao kutoka Madagaska na Msumbiji, lakini pia kutoka pwani yetu hii. Mwaka 1776 mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, piastra 20 kwa kichwa. Wallahi niliposoma haya nilifunga kitabu kwanza. Tumezoea kusimuliwa Kilwa ya misikiti na dhahabu ya Sofala, na ni kweli ilikuwa hivyo, lakini karatasi hii nayo ni ya Kilwa hiyo hiyo.

Waislamu wa kwanza kujulikana mjini walikuwa mabaharia na mafundi kutoka Bara Hindi, walioitwa lascar. Mtaa wao ulikuwa pembeni, na huko ndiko walikoruhusiwa na gavana Decaen kujenga msikiti mwaka 1805. Miaka mitano baadaye Waingereza wakauteka mji.

Utumwa ulipofutwa mwaka 1835, mabwana wa miwa walishaanza kutafuta mikono mingine. Kuanzia 1834 hadi 1920 karibu watu nusu milioni waliletwa kutoka India kwa mikataba ya kazi. Wakishuka melini walipanda ngazi 16 za mawe hadi kwenye depo ya serikali, wakaandikishwa, kisha wakagawanywa mashambani. Mahali hapo panaitwa Aapravasi Ghat, na UNESCO ilipaweka kwenye orodha yake ya urithi wa dunia mwaka 2006.

Baada ya vibarua wakaja wafanyabiashara, miongoni mwao Wakachi Memon kutoka Gujarat. Hawa ndio waliouanzisha Msikiti wa Ijumaa katikati ya mji katika miaka ya 1850, wakawa wanaupanua kidogo kidogo hadi mwisho wa karne. Una milango ya mbao iliyochongwa, na uani kuna mkungu mkubwa, mti ule ule ambao sisi watoto wa madrasa tuliurushia mawe tupate kungu. Kilichonifurahisha zaidi ni majirani zake: ukitoka mlangoni, umo mtaa wa Wachina! Makanisa makuu mawili, la Wakatoliki na la Waanglikana, hayako mbali. Na si misikiti na makanisa tu, kalenda nayo ni hivyo hivyo: Idd ni sikukuu ya taifa, Diwali pia, Krismasi pia, na mwaka mpya wa Kichina.

Usidhani lakini wamekuwa wakiishi kama malaika. Januari 1968, wiki chache tu kabla ya uhuru, vijana wa Kikrioli na wa Kiislamu walipigana mitaani Port Louis. Watu zaidi ya 20 walikufa, majeshi ya Uingereza yakaitwa, na familia zilizokuwa zikiishi ukuta kwa ukuta zikahama, Waislamu wakajikusanya Plaine Verte. Bendera ikapandishwa tarehe 12 Machi uwanja wa Champ de Mars, huku wengine wangali na matanga nyumbani.

Uwanja huo wenyewe ni wa mashindano ya farasi tangu 1812. (Kamari yake tuwaachie wenyewe.) Kuna jumba la michezo ya kuigiza la 1822, ngome ya Waingereza juu ya kilima ambako waona mji wote na bandari, na jumba la makumbusho lenye stempu za 1847 ambazo matajiri wa dunia huzigombania. Sokoni utapata dholl puri, na alouda, ambayo wewe wa Mombasa ukionja utasema, "ah, si faluda hii!" Pwani ya bandari kuna maduka ya kisasa ya Caudan, na tangu 2020 treni ya umeme yaingia mjini kutoka nyanda za juu. Wenye uwezo walianza kuhamia huko juu zamani, walipokimbia malaria ya miaka ya 1866 hadi 1868. Mji wenyewe uko chini, na maji ya mvua yote huteremkia kwake. Tarehe 30 Machi 2013 mafuriko ya ghafla yaliua watu 11, wengine wakiwa ndani ya njia ya chini ya barabara.

Mwaka 2023 walifungua jumba la makumbusho ya utumwa, ndani ya hospitali ya zamani ya kijeshi iliyojengwa 1740. Ukijaaliwa kufika, anzia hapo, uwaulizie watu wa Kilwa. Kutoka hapo hadi zile ngazi 16 ni mwendo wa dakika chache tu kwa miguu.