Komedo: mnyoo usiokuwepo

Komedo ni kile kitone cheusi kinachokaa pembeni mwa pua na kidevuni, ambacho watu hukiminya kwa kucha mbele ya kioo. Kikitoka, hutoka kama uzi mfupi wa rangi ya nta, wenye ncha nyeusi. Uzi huo ndio uliozaa jina. Kwa Kilatini, comedo ni mlafi, kutokana na kitenzi comedere, yaani kula hadi kumaliza. Matabibu wa zamani wa Ulaya waliwaita hivyo minyoo walioaminiwa kuula mwili, na kile kilichominywa usoni kikadhaniwa kuwa mmoja wao. Wajerumani hadi leo hukiita Mitesser, mla-pamoja, kana kwamba kuna mgeni anayekula chakula cha mwenye uso.

Mgeni huyo hayupo. Kila kinyweleo cha uso kina tezi inayotoa mafuta ya kulainisha ngozi. Seli zilizokufa zikigandamana na mafuta hayo, kinyweleo huziba. Mdomo wake ukiwa wazi, hewa huingia na melanini, rangi ya asili ya ngozi, iliyomo hugeuka nyeusi. Ukifunikwa na ngozi, kitone hubaki cheupe.

Ndiyo maana silipendi jina "vichwa vyeusi", ingawa limeenea. Linavuta jicho kwenye weusi, na weusi hudhaniwa uchafu. Kijana anasugua uso kwa sabuni ya kufulia na limau, asubuhi na jioni, mpaka ngozi inachubuka. Na ngozi yetu nyeusi ikichubuka huacha doa linaloweza kukaa miezi. Kitone kipo palepale, kwa sababu weusi wake hauko juu ya ngozi, umo ndani ya mgando wenyewe.

Napendekeza tuseme "kizibo cha kinyweleo", na jina "chunusi" tukiachie kipele kilichovimba na kuuma, ambacho mara nyingi huanzia kwenye kizibo hicho. Jina hili linaeleza hata kazi ya dawa: asidi ya salisiliki na jamii ya retinoidi huzibua. Linaeleza pia kwa nini paji la uso huharibika kwa mafuta ya nywele. Mwaka 1970 madaktari wa ngozi wa Marekani, akiwemo Albert Kligman, walieleza walichokiita "chunusi za pomedi": vizibo vilivyojaa kwenye paji na panja za watu weusi waliopaka nywele mafuta mazito.

Wauzaji wa losheni nao waandike kwenye chupa, kwa Kiswahili: haizibi vinyweleo.