Mzigo wa Vita na Miezi Kumi na Minane



Mhariri ameniomba niandike historia kidogo, nami nimechagua neno moja tu: mzigo. Sisi tuliokuwa madarasani mwaka 1979, Babati ikiwa bado ndani ya Wilaya ya Hanang na Mkoa wa Arusha, tulilisikia neno hilo gwarideni, kwenye mikutano ya tawi na redioni, mpaka likawa kama salamu.

Tukumbushane chanzo chake. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakateka ardhi yetu hadi Mto Kagera na kulivunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alilitangazia taifa kwamba uwezo, sababu na nia ya kumpiga adui tunavyo. Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979, na mapigano yakaisha mwanzoni mwa Juni. Gharama hukadiriwa kufikia dola milioni 500 za Marekani, fedha nyingi mno kwa nchi iliyotegemea kahawa na pamba. Mwalimu akawaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18.

Ombi hilo lilieleweka. Mzigo ulikuwa wa wote, tena ulikuwa na siku ya kutuliwa. Tulikula unga wa yanga, tukafua mashati kwa majani ya mpapai, tukapanga foleni alfajiri kungoja sukari ambayo pengine lori lake lilikuwa limekwama kwenye matope ya barabara ya Arusha. Wengi hatukunung'unika, walau si kwa sauti.

Lakini miezi 18 ikapita, na sikumbuki mtu yeyote kupanda jukwaani kusema sasa tuutue. Kwa maoni yangu, kilichotokea ni kwamba vita yenyewe ilibebeshwa mizigo isiyo yake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977, kabla ya risasi ya kwanza. Bei ya mafuta ilipanda mwaka 1979 kutokana na mapinduzi ya Irani. Mashirika ya umma mengi yalikuwa yakila hasara, na operesheni ya vijiji ilikuwa imewaondoa wakulima wengi kwenye mashamba yao ya zamani. Sisi wa Hanang hatuna haja ya kuelezwa hilo. Yote hayo yakafungwa katika furushi moja, likaitwa Kagera. Na kwa kuwa vita ile ilikuwa ya haki (nami mpaka leo nasema ilikuwa ya haki), aliyeuliza ndani ya furushi mna nini alionekana anawatukana mashujaa waliozikwa Kaboya.

Kisha neno likageuka. Kufikia mwaka 1983 mzigo haukuwa tena kitu cha kubebwa na watu, bali watu wenyewe walianza kuitwa mzigo. Mwaka huo Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza msako wa wahujumu uchumi, na Sheria ya Nguvu Kazi ikatungwa ili wasio na kazi mijini wapelekwe vijijini. Walanguzi walikuwapo, sikatai. Lakini huko Dar es Salaam hata wachuuzi wadogo waliojitafutia riziki kando ya barabara walikumbwa. Mwaka 1984 ruzuku ya sembe nayo iliondolewa, na mwaka 1986 tukakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa, lile ambalo masharti yake Mwalimu aliyakataa mwaka 1979, hata Waziri wa Fedha Edwin Mtei akajiuzulu.

Pale mtaani kwetu alikuwapo mwanamgambo mmoja aliyerudi kutoka Uganda. Sehemu kubwa ya safari ile jeshi letu lilikwenda kwa miguu. Siku moja kwenye mkutano msemaji alieleza kwa kirefu jinsi mzigo wa vita ulivyo mzito. Yule bwana alinyamaza mpaka mwisho. Tulipotoka nje sisi vijana tukamuuliza ulikuwa na uzito gani hasa. Akafunua shati, akatuonyesha kovu begani: sanduku la makombora ya mota, kutoka Mutukula hadi Masaka, wakipokezana watu wawili. Akaturudishia swali, kama tumesikia sukari imefika. Tukamwambia imefika, naye akaenda kushika foleni.