Kibwagizo Kilichoishi Kuliko Bidhaa: Ipana na Hamu ya Zamani nchini Marekani

Katika kamusi yake ya muziki ya mwaka 1768, Jean-Jacques Rousseau alitaja wimbo wa wachunga ng'ombe uliokuwa ukiwaliza askari wa Uswisi ugenini, hata ikasemekana kuwa ulipigwa marufuku majeshini. Rousseau alishikilia kwamba nguvu hiyo haikuwa katika sauti zenyewe, kwa kuwa mgeni aliyezisikia hakuguswa nazo. Ziliwaathiri Waswisi kwa sababu ziliwarudishia ujana wao na nchi yao. Wimbo, kwa mujibu wa hoja hii, ni ishara ya kumbukumbu kabla ya kuwa muziki. Hoja hiyo ina mashiko, lakini inapuuza umbo. Kasoro yake hudhihirika vizuri katika utanzu ambao wahakiki huupita kwa dharau: kibwagizo cha tangazo la dawa ya meno.

Ipana ilikuwa dawa ya meno ya kampuni ya Bristol-Myers, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa karne ya 20. Uhusiano wake na muziki ulitangulia televisheni, kwani katika miaka ya 1920 bendi ya redio iliyofadhiliwa na kampuni hiyo ilijulikana kwa jina la bidhaa, The Ipana Troubadours. Hata hivyo, kizazi kilichokulia miaka ya 1950 kinaikumbuka kwa Bucky Beaver, kibonzo cha biva, mnyama mguguna miti wa Amerika ya Kaskazini, mwenye meno makubwa ya mbele. Kibonzo hicho kilitoka katika studio ya Walt Disney. Sauti yake ilikuwa ya Jimmie Dodd, kiongozi wa The Mickey Mouse Club, kipindi cha watoto kilichoanza Oktoba 1955. Mtoto, kwa hiyo, aliuziwa dawa ya meno kwa sauti ileile aliyoizoea na kuiamini alasiri baada ya shule.

Umbo la kibwagizo chenyewe linastahili kuangaliwa kwa makini. Kitenzi cha Kiingereza cha kupiga mswaki, ambacho kina silabi moja na huishia kwa konsonanti, kimeongezewa irabu /a/ mwishoni, kisha kikatamkwa mara tatu mfululizo. Masikio ya Kiswahili hayaoni ajabu hapo, kwa kuwa ndivyo burashi, kadi na bendi yalivyopata irabu zao za mwisho. Tofauti ni kwamba Kiswahili hufanya hivyo kwa kutii muundo wa silabi zake, ilhali mtunzi wa tangazo alikuwa na haja nyingine. Kwanza, silabi ya pili inakipa kitenzi mwendo wa kwenda na kurudi, kama mkono ushikao mswaki, na takriri inaugeuza mwendo huo kuwa kazi inayoendelea. Pili, jina Ipana nalo huishia kwa /a/. Kitenzi kikishanyooshwa hivyo, kinapata kina kimoja na bidhaa, na tendo la kusafisha meno linakuwa mlango wa kuingilia jina la biashara. Mtoto hakuweza kuimba la kwanza bila kuvutwa kwenye la pili. Huu ni ufundi, hata kama aliyeufanya alilipwa na mwenye duka.

Ufundi huo haukuiokoa bidhaa. Mwaka 1960 Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani kilitambua uwezo wa Crest, dawa ya Procter & Gamble yenye floraidi, wa kupunguza kuoza kwa meno, na Ipana ikazidi kufifia. Lakini katika filamu ya Grease ya mwaka 1978, ambayo hadithi yake imewekwa mwishoni mwa miaka ya 1950, mhusika Jan anakiimba kibwagizo hicho sambamba na Bucky Beaver kwenye televisheni. Humo kinafanya kazi ya tarehe: kinamwambia mtazamaji huu ni mwaka gani bila maelezo. Vijana waliokuwa hawajazaliwa wakati wa tangazo walikiokota filamuni. Wageni, basi, waliguswa, na hapo ndipo Rousseau anapopungukiwa.

Mwaka huohuo wa 1978, maofisa wa Tume ya Biashara ya Shirikisho walipendekeza kupiga marufuku matangazo yote ya televisheni yaliyowalenga watoto wadogo mno kuelewa kusudi lake, pamoja na matangazo kwa watoto wakubwa kidogo ya vyakula vya sukari vilivyohatarisha meno zaidi. Bunge liliibana tume hiyo mwaka 1980, na pendekezo likafa. Sadfa hii haina budi kuzingatiwa. Sinema ilikuwa ikiwaburudisha watu wazima kwa kibwagizo walichopandikizwa utotoni, huku serikali ikiuliza kama upandikizaji wa namna hiyo ni halali. Wanaouita wakati wa Bucky Beaver enzi ya usafi wa moyo husahau kwamba usafi huo ulikuwa wa msikilizaji, si wa tangazo.

Nchini Uturuki, Ipana ingali rafuni, na mwenye chapa hiyo sasa ni Procter & Gamble. Mnunuzi wa Istanbul huichukua kama dawa ya meno tu, bila biva wala wimbo.