Regari za betoni: kazi inaanzia chini

Regari ni shimo la betoni lenye kifuniko, pale tiyo za maji ya mvua ao maji machafu zinakutana ao zinapinda. Mafundi wanapitia humo kuzibua.

Pete zake zinatengenezwa mbele ya kufika kwenye shantie. Pete moja ya upana wa ndani metre 1, kimo sentimita 50 na unene sentimita 10 inapita kilo 400. Inateremshwa na mashine.

Kwanza udongo wa chini unashindiliwa, kisha betoni inamwangwa na kupimwa na nivo. Bila hivyo regari inazama na tiyo zinapasuka. Viungo vya pete vinazibwa vizuri, la sivyo maji yanakula udongo pembeni na barabara inabomoka.

Mu mji wa milima kama Bukavu, mvua inateremsha udongo na plastiki. Kifuniko kikiibiwa, regari inajaa, na mtoto anaweza kutumbukia.

Mtu asiingie peke yake. Gesi ya maji machafu inaua haraka, na mwenye kuruka kumuokoa mwenzake bila vifaa anaweza kufa naye.