Puli ya Krenki: Tarikhi ya Kifaa Kidogo Mbele ya Injini

Mashindano ya magari yaliyoasisiwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ambayo baadaye yalivikwa jina la Safari, yalikuwa mara nyingi yakiteremka kutoka bara, kupitia nchi ya Taita, hadi Mombasa, hata kisiwa kilichozoea kuhesabu majahazi yaingiayo na kaskazi kikapata na magari ya kuhesabu. Miongoni mwa magari hayo hakuna, kwa maoni yangu, lenye tarikhi ya kumfaa fundi kuliko Datsun 240Z, ambalo Edgar Herrmann alishinda nalo mwaka 1971, kisha Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akashinda nalo mwaka 1973, Lofty Drews akiwa ubavuni pake, baada ya kulingana alama na Harry Källström.

Injini ya gari hilo ni ya lita 2.4, silinda zake sita zimepangwa safu moja, na mpango huo husifiwa kwa ulaini wa mwendo, nayo ni sifa ya haki. Ila ulaini huo una gharama yake, yaani urefu wa krenkishafti. Chuma hicho, ijapokuwa mkononi chaonekana kigumu kupita kiasi, hunyumbuka: kila pistoni isukumwapo na moto, krenki husokoteka kidogo sana, kisha hurejea, na kadiri inavyozidi urefu ndivyo inavyozidi kukubali msokoto. Injini ya namna hii ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, moto huwaka mara 300 kwa sekunde. Na lau mapigo hayo, au mafungu yake, yataafikiana na mtetemo wa asili wa chuma chenyewe, basi msokoto hukua kama pembea isukumwayo kila irudipo, mpaka bolti zilegee au krenki ikatike.

Ndiyo masaibu yaliyomkuta Peter Brock kule California mwaka 1970, alipokuwa akiitayarisha 240Z kwa mbio za viwanjani. Injini iliyokuwa tulivu barabarani ilijitikisa hata ikajivunja ilipopandishwa hadi mizunguko ya juu ambayo mnunuzi wa kawaida haifikii, na haikupata raha ila Nissan walipoleta krenkishafti iliyobadilishwa umbo. Baada ya hapo dereva wake, John Morton, alitwaa nalo ubingwa wa daraja lake Marekani mwaka huo huo wa 1970, na mwaka uliofuata vilevile.

Wala maradhi hayo hayakuanza na Wajapani. Mwanzoni mwa karne ya 20, waundaji wa Uingereza walipokimbilia silinda sita, krenki zilikatika bila sababu ya dhahiri, na Frederick Lanchester ndiye aliyesajili, mnamo mwaka 1910, kifaa cha kuutuliza msokoto: uzito unaozunguka pamoja na krenki lakini haukufungwa nayo kabisa, hivyo krenki ikitetemeka, uzito husita nyuma, na mkwaruzo baina ya viwili hivyo huigeuza nguvu ya mtetemo kuwa joto. Baadaye ukaja mpira baina ya kitovu na pete ya nje, na baada yake pete iliyofungiwa ndani ya sanduku lenye silikoni nzito. Wahandisi wa meli wana dawa nyingine, nayo twaweza kuiona hapa hapa Kilindini: katika saa ya mizunguko ya meli nyingi kuna eneo lililopakwa rangi nyekundu, ambalo injini yaruhusiwa kulipita upesi lakini si kukaa ndani yake. Dereva wa mashindano hana anasa hiyo. Mlima humkalisha penye mizunguko kisiyoipenda chuma.

Sasa twende kwa mwenye kuijenga upya injini yake, akauliza kama puli ya krenki ya kiwandani, ambayo ndiyo iliyobeba kifaa hicho cha mpira, imtoshe au anunue nyingine ya thamani. Mimi naona swali hili hujibiwa kwa swali jingine: je, krenki ni ile ile? Pete ya mpira imepimwa kwa mtetemo wa krenki mahususi. Pistoni zikibadilishwa uzito, mwendo wake ukirefushwa, fulaiwili ikipunguzwa, au mizunguko ikipandishwa kupita ile ya kiwanda, mtetemo huhama mahali pake, na mpira hubaki ukilinda mlango usiopitwa na mtu. Hapo pete ya silikoni, ambayo haikufungamana na mtetemo mmoja, yastahili bei yake. Ama injini iliyosafishwa tu na kurejeshwa katika vipimo vyake vya awali, mpira mpya waitosha, minghairi ya kuingia gharama. Lililo baya kuliko yote mawili ni kung'oa pete hiyo na kuweka puli nyepesi ya aluminiamu kwa ajili ya uzuri wa macho, jambo ambalo vijana hulifanya kwa fahari kubwa.

Kwamba krenki ndiyo iamuayo, ushahidi wa pili twaupata kwa Porsche 911, ambayo Björn Waldegård alishinda nayo Safari ya magari ya kale mwaka 2011. Nayo ina silinda sita, lakini zimelala tatu huku na tatu kule, hivyo krenki yake ni fupi, imeshikwa na beringi nane, na injini zake za awali zilitoka kiwandani bila kifaa cha kutuliza msokoto kabisa.

Fauka ya hayo, mpira una umri. Joto la injini, mafuta yanayovuja na miaka huukausha hata ukapasuka, na pete ya nje ikateleza juu ya kitovu chake. Na kwa kuwa alama za taimingi aghalabu huchorwa juu ya pete hiyo ya nje, fundi huweka taimingi kwa uangalifu mkubwa akifuata alama ya uongo. Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, na atoe plagi ya silinda ya kwanza, aingize kizuizi cha pistoni, aizungushe krenki kwa mkono polepole huku na huku mpaka pistoni iguse kizuizi kwa pande zote mbili, kisha agawe katikati ya miguso hiyo miwili, apate kujua kama sifuri ya pete ingali ndiyo sifuri ya pistoni.