Nyota za Joto Kali Juu ya Gachoka

Gachoka, katika Kaunti ya Embu, iko kusini kidogo mwa ikweta. Kwa hiyo nyota tatu za mkanda wa kundinyota la Jabari, yaani Mintaka, Alnilam na Alnitak, hupita karibu na utosi. Huonekana vizuri jioni za Januari na Februari. Weupe wake wenye usamawati ni dalili ya joto: nyuso zake zina nyuzi takriban 25,000 hadi 30,000, ilhali uso wa Jua una takriban 5,500.

Mwanga usiofika ardhini
Nyota za namna hii hutoa sehemu kubwa ya nishati yake kwa mionzi ya urujuanimno, isiyoonekana kwa macho. Ozoni na gesi nyingine za angahewa huizuia karibu yote, hivyo hupimwa kutoka anga za juu. Setilaiti ya Ulaya, TD-1A, iliyorushwa Machi 1972, ilikagua anga lote kwa darubini yenye kioo cha sentimita 27.5. Orodha yake ina nyota 31,215.

Mchango wa pwani ya Kenya
Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la Kiitalia la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikagua anga kwa eksirei na kusaidia kutambua Cygnus X-1, mfumo wa nyota na shimo jeusi. Humo, gesi ya nyota ya joto kali, HDE 226868, huvutwa na shimo jeusi, ikapata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei.