Sanduku la Dola Moja



Nyumbani kwetu, juu ya kabati, liko sanduku jeusi lipatalo ukubwa wa nusu ya tofali. Watoto wa siku hizi wakiliona huuliza: «Ni redio?» Si redio. Ni kamera ya marehemu baba yangu mkubwa. Haina betri, haina waya wala taa. Siku ya kwanza nilipoifungua nilicheka, kwa maana ndani yake hamna kitu ila giza. Na walakini picha ya pekee tuliyo nayo ya nyanya yetu, amesimama mlangoni na kikapu cha mihogo, ilitoka ndani ya sanduku hili. Mpiga picha wa mjini asingepanda mlima wetu kwa ajili ya mwanamke mzee mmoja.

Masanduku ya namna hii yana historia yake, nami nataka kuwaeleza.

Hapo zamani kupiga picha kulikuwa kazi ya mafundi na ya wenye mali. Mwaka 1877 kijana mmoja wa Marekani, jina lake George Eastman, karani wa benki katika mji wa Rochester, alikusudia kufanya safari. Akashauriwa achukue vyombo vya picha. Loo! Vyombo hivyo vilikuwa mzigo wa punda: kamera nzito, miguu yake mitatu, vioo, chupa za dawa, na hema ya kufanyia giza. Ilimpasa mpiga picha kupaka kioo dawa, kukitia katika kamera kingali kibichi, na kukisafisha kabla hakijakauka. Safari yenyewe Eastman hakuifanya, lakini wazo halikumtoka. Mchana alikaa benki, usiku akachemsha dawa jikoni mwa mama yake mjane.

Mwaka 1888 akatoa kamera aliyoiita Kodak. Badala ya vioo ilikuwa na ukanda uliozungushwa, wa kutosha picha 100. Zilipokwisha, mwenye kamera aliipeleka nzima Rochester, nao waliisafisha filamu na kutia nyingine. Vizuri sana, lakini bei yake ilikuwa dola 25. Mfanyakazi wa kiwandani angeitazama dirishani mwa duka, kisha akaenda zake.

Basi mwaka 1900 ukaja mwaka wa maskini. Fundi wake Frank Brownell alitengeneza sanduku la karatasi ngumu, lenye kioo kimoja mbele, na bei yake dola 1 tu. Filamu ya picha 6 iliuzwa senti 15. Waliliita Brownie, kwa jina la vijitu vya hadithi za watoto vilivyochorwa na Palmer Cox wa Kanada, kwa sababu walitaka hata watoto walinunue. Mwaka ule wa kwanza yaliuzwa zaidi ya 100,000. Sisemi kwamba Bwana Eastman alifanya hivyo kwa huruma. Alijua hesabu yake: anayeuza taa kwa bei ya chini atauza mafuta kila juma.

Mwataka kujua hufanyaje kazi? Ni rahisi. Nyuma ya kioo kuna kibati chenye tundu. Ukisukuma kijiti cha pembeni, kibati huruka mara moja, mwanga huingia kwa muda mfupi sana, kama sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara 40 au 50, kisha giza tena. Hakuna cha kupima wala cha kurekebisha. Lakini lazima umtii bwana sanduku: jua liwe nyuma yako, mtu unayempiga asikae karibu kuliko hatua tatu au nne, na kamera uishike juu ya tumbo bila kupumua. Ukichungulia katika kidirisha cha juu utamwona mdogo kama punje, tena mkono wa kuume umekuwa wa kushoto. Ukisahau kuzungusha filamu, watu wawili watakaa juu ya kiti kimoja kama mizimu. Hayo yamenipata mimi, na shemeji yangu hajanisamehe.

Kwa kuwa lilikuwa mikononi mwa kila mtu, sanduku hilo lilifika mahali ambapo mafundi hawakufika. Usiku wa tarehe 15 Aprili 1912 meli Titanic ilizama. Meli Carpathia ikaja kuwaokoa watu. Ndani ya Carpathia alikuwemo msichana wa Kanada, Bernice Palmer, mwenye umri wa miaka 17, anasafiri na mama yake. Alikuwa na Brownie. Akaipiga milima ya barafu baharini, na waliookoka wamekaa sitahani katika nguo za kuazima. Huko New York wakamnunulia haki ya picha hizo kwa dola 10. Walimpunja, nadhani.

Sisi Wakongo tulijua mapema zaidi nguvu ya picha. Tarehe 14 Mei 1904, huko Baringa, katika nchi ya mpira iliyoshikwa na kampuni ya ABIR, mtu mmoja jina lake Nsala alifika kwa wamisionari wa Kiprotestanti akiwa na kifurushi cha majani. Ndani yake mlikuwa mkono na mguu wa binti yake mdogo Boali, aliyeuawa na askari wa kampuni. Bibi Alice Seeley Harris akamwomba Nsala akae barazani, akampiga picha. Wengi walikuwa wamekwisha kuandika barua juu ya ukatili wa mpira, na kila barua ilijibiwa kwamba ni uwongo. Picha ya baba akitazama vile vilivyobaki vya mwanawe haikujibiwa. Ilionyeshwa kwa taa katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani. Mwandishi Mark Twain, katika kitabu chake kidogo cha mwaka 1905, alimfanya Mfalme Leopold ailalamikie kodak, shahidi pekee asiyeweza kumhonga. Mwaka 1908 nchi ikaondolewa mikononi mwa mfalme.

Huko Ulaya viwanda vingine vilifuata njia ya dola moja. Mwaka 1932 kampuni Agfa ya Ujerumani ilitoa sanduku kwa bei ya maki 4, lakini kwa mchezo: mnunuzi alete sarafu nne zenye herufi A, G, F na A. Kila sarafu ilikuwa na herufi ya mji ilikopigwa: A ni Berlin, F ni Stuttgart, G ni Karlsruhe. Watu wakapekua mifuko, wakabadilishana sarafu njiani.

Hata mjini Kinshasa, uliokuwa bado ukiitwa Léopoldville, mwaka 1950 kijana Jean Depara, mzaliwa wa Angola, alinunua Adox ndogo ili awe na picha za arusi yake. Arusi ikapita, kamera ikabaki. Ndiye aliyekuja kuwa mpiga picha wa mwanamuziki Franco, naye ametuachia usiku wa mji ule, vijana wake na mavazi yao.

Sanduku la baba mkubwa ni Agfa la miaka ile ya 1950. Je, lafaa bado? Lafaa. Filamu yake yaitwa 120, ambayo Kodak waliitoa mwaka 1901 kwa Brownie ya pili, na hata leo yatengenezwa Marekani, Uingereza na Ucheki, ingawa Kodak yenyewe ilifilisika mwaka 2012 ikasimama tena. Wenye masanduku ya filamu 620 wana taabu zaidi: hiyo ilikoma mwaka 1995, nao huhamisha filamu 120 gizani juu ya bobini nyembamba ya zamani. Neno moja kwa atakayeokota kamera kama hii sokoni: nyuma kuna kidirisha chekundu cha kusomea namba. Filamu za kale hazikuona rangi nyekundu, za leo zaiona. Zibeni kidirisha hicho kwa karatasi nyeusi ya kunata, mkifungue kivulini tu mnapozungusha.

Ndugu yangu aliye Ulaya alinitumia filamu moja. Picha 8 tu. Nilizigawa kama chumvi wakati wa njaa. Nilisafisha filamu mwenyewe usiku, jikoni, madirisha yamefunikwa blanketi, mke wangu akinung'unika kwa harufu ya dawa. Mbili zilikuwa nyeupe kabisa, moja ina kidole changu. Katika ya nne yumo mama, amesimama mlangoni pale pale aliposimama nyanya, na mlango ni ule ule, ila kikapu hakuwa nacho.